Noah ina viti vinane, safari ya Busale ina watu wangapi?

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, wiki hii tuzungumzie gari. Si basi la kampuni wala lori la mizigo, bali lile gari la mistari mitatu ya viti ambalo mwenye familia mjini hulitamani kuliko gari jingine lolote: Toyota Noah na jamaa zake.

Desemba inapokaribia, au simu ya msiba inapoingia usiku kutoka nyumbani, swali huwa ni lile lile: tutafikaje sote? Mzaliwa wa Busale, wilayani Kyela, anayefanya kazi Mbeya, Dodoma au Dar es Salaam, hana safari ya mtu mmoja. Ana mke, ana watoto, ana mdogo wake anayesoma, na pengine ana mama mzazi aliyekuja mjini kutibiwa na sasa anarudishwa kwake. Gari dogo la viti vitano haliwatoshi. Nauli za basi za watu saba, kwenda na kurudi, si mchezo. Ndipo mwenye nyumba anapoanza kupiga hesabu za kununua Noah.

Je, gari hili linafaa wapi na linashindwa wapi? Jibu nitalitanguliza ili tusipotezane njiani. Noah ni gari zuri sana kwa kazi iliyoundiwa. Ubaya wake unaanza pale tunapoipima kwa idadi ya watu wanaoweza kubanana ndani, badala ya kuipima kwa uzito inaobeba na njia inayopita.

Tuanze na asili yake. Fikra ya gari la familia lenye mistari mitatu ya viti si ngeni Afrika Mashariki. Wazee wanaikumbuka Volkswagen Kombi, na wanaikumbuka Peugeot 504 ndefu ya mistari mitatu, ambayo nchini Kenya ilikuwa teksi ya masafa marefu kwa miaka mingi. Hapa Tanzania mlango wa magari yaliyotumika ulianza kufunguka baada ya mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Noah yenyewe ilitoka Japani mwezi Oktoba 1996, ikiitwa TownAce Noah na LiteAce Noah. Toleo la pili lilitoka Novemba 2001 pamoja na pacha wake, Voxy. Matoleo mengine yakafuata mwaka 2007, 2014 na 2022. Ukisikia fundi akisema "SR40", anataja lile la 1996; akisema "AZR60", anataja lile la 2001.

Sasa sifa zake. Kwanza, linachukua watu wanane walioketi vizuri, kila mmoja na kiti chake, katika gari ambalo si refu kuliko gari la kawaida la saluni. Mita nne na nusu hivi zinatosha kuliegesha uani au sokoni bila matata.

Pili, mlango wake wa kuteleza. Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na Noah ya mwaka 1996 iliwekewa mlango mmoja wa abiria, upande wa kushoto. Maana yake ni kwamba mtoto anashukia pembeni mwa barabara, wala hashukii katikati ya magari. Noah za mwaka 2001 na kuendelea zina milango ya kuteleza pande zote mbili. Mwenye watoto afunge kile kikufuli kidogo cha usalama kilichopo kwenye mlango wa kulia, usifunguliwe kutoka ndani. Ni kazi ya dakika moja.

Tatu, mzee anaingia bila kuinama sana, na mama mwenye mtoto mgongoni haingii kwa kujikunja. Nne, vipuri vyake vinapatikana na mafundi wake wako kila mji. Gari likikuharibikia Tukuyu au Kyela mjini, hutasubiri kifaa kiagizwe ng'ambo. Tano, injini yake ya petroli ya lita mbili haili mafuta kama ile ya Alphard, ambayo ilitoka mwaka 2002 ikiwa na injini ya lita 2.4 au ya lita tatu, na mwili mpana zaidi na mzito zaidi.

Hizo ni sifa za kweli, wala sizipunguzi. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Na kilichoundwa kina kipimo chake.

Kipimo cha kwanza ni uzito. Wajapani wanapoandika uzito wa gari la abiria likiwa limejaa, humhesabu kila mtu kuwa na kilo 55. Watu wanane ni kilo 440. Katika hesabu hiyo hakuna gunia, hakuna mkungu wa ndizi, hakuna dumu la mawese. Sasa chukua watu wazima wanane wa kawaida, wa kilo 70 kila mmoja. Tayari ni kilo 560, na bado hujapakia hata begi. Bila shaka kiwanda huacha akiba kidogo, na gari halivunjiki kwa sababu ya kilo hizo 120. Lakini akiba si mali ya kila siku.

Tuendelee na hesabu, maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Wengi tumeziona Noah zilizogeuzwa kuwa magari ya abiria, zile ambazo baadhi ya miji huziita michomoko. Mstari wa watu watatu hukaliwa na wanne, mbele anaongezwa mmoja katikati. Tuseme wamefika kumi na wawili pamoja na dereva, wa kilo 65 kila mmoja: ni kilo 780. Ongeza magunia mawili ya mchele wa Kyela ya kilo mia mia. Jumla kilo 980. Gari lenyewe tupu, lile la mwaka 2001, lina kama tani moja na nusu. Sasa lina kilo 2,480 barabarani.

Nenda ukatazame tairi zake. Noah nyingi za toleo hilo huvaa tairi zenye maandishi 195/65R15, na mbele yake namba 91. Namba hiyo si pambo. Katika jedwali la kimataifa la watengenezaji wa tairi, 91 maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja. Tairi nne ni kilo 2,460. Kwa hiyo gari letu limekwisha kupita uwezo wa tairi zake zote nne, hata kama ni mpya na zimejazwa upepo sawasawa. Tena uzito haugawanyiki sawa: watu wengi na magunia yote yako nyuma, hivyo tairi mbili za nyuma zinabeba zaidi ya fungu lao. Na mara nyingi tairi zenyewe ni za mitumba. Tairi iliyozidiwa hupata joto, joto hulegeza mpira na nyuzi zilizo ndani, na siku moja hupasuka. Abiria watasema ni bahati mbaya, lakini hesabu ilikuwa imeandikwa ubavuni mwa tairi tangu walipopanda.

Methali yetu inasema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Basi Noah si Mnyamwezi. Mwenye mzigo mzito atafute HiAce, ambayo ile ya mizigo huko Japani husajiliwa kubeba tani nzima au zaidi kidogo, na nyuma ina springi za bapa zilizopangwa kama za lori. Noah ina springi laini za kuzunguka, kwa sababu iliundwa imstareheshe mtoto aliyelala, si kubeba gunia.

Kipimo cha pili ni kimo. Noah ya mwaka 2001 ina upana wa mita 1.69 na kimo cha mita 1.85. Yaani kimo chake ni kikubwa kuliko upana wake. Gari la namna hiyo huyumba kwenye kona kuliko saluni. Ukilifungia keria juu na kuweka mabegi na magunia, umelipandisha kitovu cha uzito. Na watu hulazimika kuweka mizigo juu kwa sababu moja ambayo muuzaji hakuambii: mstari wa tatu wa viti ukikaliwa, nyuma hakubaki buti la maana. Ama ubebe watu wanane na mabegi machache, ama ukunje viti vya nyuma ubebe watu watano na mizigo mingi. Vyote viwili kwa pamoja havimo ndani ya gari hili.

Kipimo cha tatu ni njia, na hapa tuitazame safari ya Busale. Kutoka Uyole barabara hupanda, hupita Tukuyu, kisha huteremka hadi tambarare za Kyela. Tukuyu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Hiyo ni teremko la kilometa nzima kwenda chini, lenye kona, ukungu na mvua.

Dereva anayeteremka huku mguu uko juu ya breki muda wote anazichemsha breki zake. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Yakikaa miaka bila kubadilishwa huwa na maji ndani yake. Breki zikipata moto mkali, maji hayo huchemka na kuwa mvuke. Mvuke hubanwa, mafuta hayabanwi. Kwa hiyo dereva anakanyaga pedali nayo inazama hadi chini bila gari kushikwa. Dawa yake ni mbili: mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na kwenye mteremko gari liwekwe kwenye gia nzito, ile ya 2 au L, injini ndiyo ilishike. Wengi wana gari la otomatiki kwa miaka mitano hawajawahi kuigusa herufi hiyo.

Ukiacha lami na kuingia njia za vijijini, mambo hubadilika tena. Kyela ni miongoni mwa wilaya zinazopata mvua nyingi kuliko nyingine nchini, na mwezi wa Aprili mito kama Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hujaa. Noah ina nafasi ya kama sentimita 15 au 16 tu kati ya tumbo lake na ardhi ikiwa tupu. Ikijaa watu hushuka zaidi. Jiwe ambalo pikipiki inalikwepa na Land Cruiser inalipita juu, Noah hulipokea kwenye sampo ya oili.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Noah ya mwaka 1996 ina injini chini ya viti vya mbele na inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Noah ya mwaka 2001 ina injini mbele kabisa na inavutwa na magurudumu ya mbele. Kwenye lami hutaona tofauti kubwa, na ile mpya ni tulivu zaidi. Lakini kwenye kilima chenye tope, gari likiwa limejaa, uzito hurudi nyuma. Kwa ile ya zamani uzito huo hukandamiza magurudumu yanayosukuma, nayo hupanda. Kwa ile mpya uzito huyaacha mepesi magurudumu yanayovuta, nayo huzunguka pale pale. Ndiyo maana unaweza kuona Noah kuukuu inapita na mpya yenye kung'aa inasukumwa na vijana. Mwenye safari za kijijini mara kwa mara afikirie zile zinazoendeshwa kwa magurudumu yote manne, SR50 au AZR65, akijua kwamba zinakula mafuta zaidi kidogo na zina vyuma vingi zaidi vya kutengeneza.

Na maji yakiwa yamefunika barabara, usijaribu. Maji yakivutwa hadi ndani ya injini hayabanwi kama hewa. Yanapinda vyuma, na injini inakuwa imekwisha. Subiri yapungue. Heri kufika umechelewa.

Tuje kwenye injini. Noah za mwaka 2001 hadi 2007 zina injini ambayo mafundi huiita D-4, ambapo petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Ilikusudiwa kupunguza ulaji wa mafuta. Lakini kwa kuwa petroli haipiti kwenye vali za kuingizia hewa, haizisafishi, na masizi hujikusanya huko. Pampu yake ya shinikizo kubwa nayo haipendi mafuta machafu. Mwenye gari hili asinunue petroli ya kwenye madumu pembeni mwa njia, na asiruhusu fundi wa kubahatisha alichokonoe. Toleo la mwaka 2007 limerudia mfumo wa kawaida wa kupulizia mafuta, na hilo ni jambo jema kwa mazingira yetu.

Kadhalika kuna upande wa sheria. Gari lenye namba ya njano ni la binafsi, na lenye namba nyeupe ni la biashara. Wapo wanaonunua Noah ya familia, kisha katikati ya wiki wanampa kijana aitumie kubeba abiria wa kulipa ili irudishe gharama. Kubeba abiria kwa malipo kunahitaji leseni ya LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu mwaka 2019. Na bima ya gari binafsi haikukatwa kwa ajili ya nauli. Siku ya ajali, kampuni ya bima itakuwa na sababu ya kukataa kulipa, na majeruhi watakutazama wewe. Akiba ya nauli za miezi kadhaa inaweza kumezwa na asubuhi moja.

Basi anayetaka kununua afanye nini? Kwanza, ahesabu watu wake wa kila wiki, si watu wa siku ya msiba. Kama ni sita au saba, Noah inamfaa kabisa. Kama kila mara ni kumi, anahitaji HiAce, au anahitaji Noah pamoja na tiketi tatu za basi. Tiketi hizo si aibu. Ni rahisi kuliko springi mpya, na ni rahisi mno kuliko jeneza.

Pili, asidanganywe na bei ya tangazo la Japani. Kenya hairuhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka minane. Sisi tunaruhusu, lakini kadiri gari linavyozeeka ndivyo linavyotozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Kabla ya kutuma fedha, auulize kwanza ushuru wa mwaka ule wa gari, aujumlishe.

Tatu, akinunua gari lililokwisha kutumika hapa nchini, atazame nyuma kwanza, si mbele. Noah iliyofanya kazi ya abiria hujulikana: sehemu ya nyuma imelala, reli ya mlango wa kuteleza imelegea, zulia limechakaa chini ya miguu ya mstari wa pili, na tundu za misumari ya kiti cha ziada zimezibwa. Asome na tarehe ya tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne. 2315 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi kama hiyo, hata ikiwa na meno mazuri, ni mzee aliyepaka rangi nywele.

Nne, ajaribu mikanda yote minane. Katika matoleo ya zamani viti vya katikati nyuma mara nyingi vina mkanda wa kiunoni tu. Mingine imefukiwa chini ya viti na haijavutwa tangu gari litoke bandarini. Na wanaoketi huko nyuma ni nani? Ni watoto. Sisi wakubwa tunachagua viti vyenye mikanda mizuri, na wao tunawapa mstari wa mwisho, karibu na kioo, pamoja na begi lililosimama shingoni mwao. Tuupange upya utaratibu huo. Mtoto akae mstari wa pili, amefungwa mkanda. Begi ndilo likae nyuma.

Ndugu msikilizaji, gari la familia ni kitu cha heshima. Linamrudisha bibi kwake, linawaonyesha watoto wa mjini mashamba ya mpunga na kakao ya babu yao. Lakini tumezoea kumpima mtu ukarimu wake kwa namna asivyomwacha mwenzake kituoni. "Songeni kidogo, huyu naye ni wa kwetu." Ni neno jema sebuleni na mezani. Ndani ya Noah inayoteremka kutoka Tukuyu ni neno la hatari, maana tairi na breki hazijui undugu. Kwa hiyo mwenye gari ajifunze kusema, bila ukali na bila aibu, kwamba viti vyake ni vinane na vimekwisha, na anayebaki akatiwe tiketi ya basi. Atakayenuna leo atakuwepo kesho kupatanishwa.

Tukutane tena wiki ijayo, na safari njema.